Kabla ya Kuuzunguka Longonot, Hesabu Saa za Kurudi

Mara ya kwanza nilipouzunguka Mlima Longonot, ule wa volkeno karibu na Naivasha, maji yalituishia tukiwa Kilele Ngamia, sehemu yake ya juu kabisa. Tulikuwa watu sita kutoka Nakuru, kila mmoja na chupa ya nusu lita mkononi, na sehemu kubwa ya mzunguko ilikuwa bado mbele yetu. Binamu yangu aliketi kwenye jiwe, amelishika paja kwa mikono miwili. Msuli ulikuwa umekaza hadi ukaonekana umevimba chini ya suruali. Mzee mmoja wa kundi jingine akampa maji yake na chumvi kidogo aliyoifunga kwenye kikaratasi, kisha akamnyoosha mguu polepole mpaka ukalegea. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mlianza kupanda saa ngapi, wanangu?"

Tulianza saa tano na nusu. Tulikuwa tumetoka Nakuru saa tatu kwa kumsubiri mwenzetu aliyechelewa, tukasimama Naivasha kunywa chai, na hakuna aliyekuwa amepiga hesabu ya saa. Tulirudi langoni giza likiingia. Tangu siku ile nimeupanda mlima huo mara nyingi, na kila ninapoombwa ushauri huanza na jambo hilo moja: panga safari kuanzia mwisho wake. Amua kwanza saa ambayo ni lazima uwe umeshuka, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uijue saa ya kuamka.

Hesabu yenyewe ni hii. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, lile shimo kubwa la volkeno lililoko juu ya mlima, ni kilomita 3 na kidogo. Mzunguko wa ukingo ni kilomita 7.2. Ukijumlisha na kushuka, ni kilomita 13 na zaidi. Mtu anayetembea kila siku kutoka mtaa wetu wa Section 58 hadi mjini Nakuru na kurudi atasema hizo si nyingi, na hapo ndipo Longonot huwapotosha wengi. Lango liko chini, na Kilele Ngamia kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo utapanda mita zipatazo 600. Ukingo nao haukulala kama barabara. Unapanda kilima, unashuka bonde, unapanda kingine, na baadhi ya vilima hivyo utavipanda kwa kushika mawe. Jina lenyewe linatokana na neno la Kimaasai linalohusu migongo mingi ya mlima iliyosimama wima, na miguu yako italielewa jina hilo kabla ya saa nne.

Mimi huweka saa moja na nusu kufika ukingoni, saa nne kuzunguka na saa moja kushuka. Hizo ni saa sita na nusu, na huongeza mbili za dharura. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na lango la hifadhi hufungwa saa kumi na mbili. Kwa hiyo mimi hutaka kundi liwe langoni saa moja asubuhi, na kwa anayetoka Nakuru hiyo ni kuondoka saa kumi na nusu alfajiri. Mkifika ukingoni saa sita mchana imepita, msizunguke. Kaeni mtazame kasoko na ule msitu ulioko chini ndani yake, mle, mteremke. Kubalianeni hivyo mkiwa bado nyumbani, kwa sababu mkiwa juu kila mtu ataona ni karibu.

Ukifika ukingoni, shika njia ya kulia, kasoko ikiwa mkono wako wa kushoto. Njia hiyo inakufikisha Kilele Ngamia mapema, magoti yakiwa na nguvu na jua halijakaza. Wanaoanza kushoto hukutana na kilele hicho mwishoni, wamechoka, saa mbaya kabisa ya mchana. Ukingoni hakuna kivuli cha maana.

Kuhusu maji sina mjadala: lita 3 kwa kila mtu, na kila mtu abebe yake. Juu hakuna chemchemi wala kibanda. Kunywa kidogo kidogo tangu langoni, usingoje kiu. Chakula kiwe cha kushikwa mkononi na chenye chumvi: mayai ya kuchemsha, njugu, viazi vitamu, chapati. Ndizi pia, ila zipange juu kwenye begi.

Sasa viatu, na hapa nitakaa kidogo. Udongo wa Longonot ni majivu ya volkeno. Wakati wa kiangazi unakuwa vumbi laini kama unga, na juu yake kuna vijiwe vyepesi vinavyobiringika ukivikanyaga. Raba ya soli iliyolika haishiki kitu pale. Binamu yangu alikuwa amevaa ya namna hiyo, na kwenye mteremko mmoja aliteleza akashuka kwa makalio hatua kadhaa, viganja vikachubuka. Geuza kiatu chako uitazame soli: kama meno yake hayaonekani, kiache nyumbani. Kiatu kipya cha dukani nacho kivae wiki mbili kwanza. Kata kucha za miguu siku moja kabla, na ukifika mwanzo wa kushuka, simama ufunge kamba upya, ukikaza pale juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele. Nimeona kucha zikigeuka nyeusi kwa sababu ya dakika mbili hizo kurukwa. Fimbo nayo ni ya kushukia kuliko ya kupandia. Itangulize chini, kisha mguu uifuate, kwa hatua fupi.

Mazoezi sisi watu wa Nakuru tunayo karibu. Menengai iko hapo juu ya mji. Panda Jumamosi tatu mfululizo ukiwa na begi lenye maji yale yale utakayobeba Longonot, na mara ya tatu utajua kama uko tayari au la. Asiyeweza kumaliza Menengai akiwa bado anaweza kuzungumza, mwambie kwa upole asubiri mwezi mwingine.

Miezi ya Machi hadi Mei mimi huuacha mlima. Mvua ya masika huyafanya yale majivu kuwa utelezi, na mkikutwa na radi pale ukingoni hamna pa kujificha. Wingu jeusi likianza kutanda upande wa Ziwa Naivasha, geukeni. Nyati nao wapo, hivyo msitoke njiani na msitangulie peke yenu alfajiri kwenye vichaka vya chini. Ulizeni askari wa wanyamapori langoni kama wameonekana. Malipo ya lango ni ya simu, si pesa taslimu, hivyo maliza jambo hilo usiku uliotangulia.

Katika kundi, mwenye hatua za polepole ndiye aongoze, na mwenye nguvu kuliko wote akae nyuma kabisa. Tulipofanya kinyume, wawili walipotea machoni mwetu kwa karibu saa moja, na maji mengi yalikuwa kwenye begi lao.

Mwaka uliofuata binamu yangu aliomba turudi. Nilimwambia tutarudi akishapanda Menengai mara tatu, naye akapanda nne. Tulifika Kilele Ngamia kabla ya saa nne, hewa bado baridi, Ziwa Naivasha likionekana wazi hadi ng'ambo. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile jiwe, akaketi, akatoa chupa ya pili ambayo alikuwa hajaifungua, na akachungulia njiani kama kuna mtu anayepanda akihitaji maji.