Feni nne zote zilikuwa zinatoa hewa nje

Mwezi wa saba Mbeya, asubuhi, maji ya bomba yanauma vidole. Nilikuwa nimevaa sweta mbili, mlango nimeufunga, narenda video ya harusi ya saa tatu nzima, yaani kompyuta inaigeuza video niliyohariri kuwa faili moja kamili. Kompyuta ikajizima. Nikawasha, nikaanza upya, ikafika nusu, ikajizima tena. Mteja alikuwa anakuja saa nane mchana kuchukua flashi yake.

Joto ndicho kitu cha mwisho nilichokifikiria. Mtu unayeota moto wa jiko la mkaa utawazaje kwamba mashine iliyo mbele yako inaungua? Fundi wa kwanza niliyempelekea aliniambia pawasaplai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme, imechoka. Nikanunua nyingine, tatizo likabaki palepale. Nilikuja kustuka siku niliyoegemeza mkono kwenye ubavu wa boksi nikakuta pamoto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Boksi ninalosema ni lile ambalo wengi tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni ile prosesa ndogo iliyomo ndani, ubongo wa kompyuta.

Nikafungua ubavu. Ndani kulikuwa na feni nne: mbili mbele, moja juu, moja nyuma. Zile mbili za mbele nilizifunga mwenyewe miezi michache nyuma, nikiamini kazi ya feni ni kutoa joto, basi nikazielekeza zote nje. Lakini hewa ikitoka, lazima nyingine iingie. Kwangu ilikuwa inaingia popote ilipopata upenyo: kwenye matundu ya USB, kwenye nafasi za kadi zilizokosa vifuniko kule nyuma, kwenye kila ufa wa bati. Na haikuja peke yake. Hapa Mwanjelwa kuanzia Mei hadi mvua za Novemba vumbi ni laini kama unga, na malori ya barabara kuu ya Zambia hayaliachi litulie. Hitisinki ya prosesa, kile chuma chenye mapezi kinachoipunguzia joto, ilikuwa imevaa blanketi la vumbi la kahawia. Nililibandua kwa kucha, likatoka zima kama kipande cha kitambaa. Feni yake ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote juu ya blanketi hilo, na hewa haipiti.

Kwa hiyo, kabla ya kununua feni yoyote, ijue kwanza uliyonayo inapuliza kuelekea wapi. Ishike mkononi uiangalie. Upande mmoja uko wazi, unayaona mapanga yake yote bila kizuizi. Upande wa pili una mikono ya plastiki, mara nyingi minne, inayoshika mota katikati. Hewa inaingia kwa upande ulio wazi na kutokea upande wenye mikono. Baadhi zina mishale miwili midogo kwenye fremu, mmoja unaonyesha mapanga yanazungukaje, mwingine hewa inaenda wapi. Kama bado una wasiwasi, chana ukanda mwembamba wa tishu, uusogeze karibu na feni inayozunguka. Ukivutwa na kunata kwenye wavu, hapo hewa inaingia. Ukipepea kuelekea kwako, inatoka. Mimi hadi leo sifungi boksi la mtu bila kupitisha tishu mbele, nyuma na juu.

Baada ya hapo tafuta njia moja ya hewa, si wingi wa feni. Za mbele ziingize, ya nyuma itoe. Hewa baridi ipite kwenye kadi ya grafiki, ile inayoshughulikia picha, ifike kwenye prosesa, itokee nyuma ikiwa imebeba joto. Ukiwa na ya juu, iweke nyuma kabisa, karibu na prosesa, nayo itoe. Ukiifunga juu upande wa mbele inainyakua hewa safi na kuitupa nje kabla haijafika inakotakiwa. Usitegemee sana kwamba hewa ya moto hupanda yenyewe. Ni kweli hupanda, ila nguvu yake ni ndogo mno, feni ndogo tu inaishinda.

Sehemu ninayoisisitiza zaidi kwa watu wa huku kwetu ni hii: hewa inayoingia izidi kidogo ile inayotoka. Boksi likijaa hewa, hewa hiyo husukumwa nje kupitia nyufa, na vumbi halipati mlango isipokuwa pale mbele ulipoweka chujio. Likinyonywa kupita kiasi, kila ufa unageuka mlango wa vumbi. Lakini usihesabu feni kwa idadi ukaridhika. Feni mbili zinazovuta kupitia chujio lililoziba zinaweza kuingiza hewa kidogo kuliko moja iliyo wazi kule nyuma inavyotoa, na hapo umerudi ulikotoka. Ndiyo maana chujio linaoshwa. Nilianza na neti ya dirishani, ikawa inakamata nyuzi na manyoya tu, vumbi laini linapita. Sasa natumia soksi nyepesi za kike nilizozitandaza kwenye fremu. Zinakamata vizuri sana, na kwa sababu hiyohiyo zinaziba haraka. Wakati wa kiangazi nazifua kila wiki, maji ya beseni yanabadilika rangi kama ya kuoshea viatu.

Kuna jambo la mwinuko pia. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa yenye uzito mdogo, kwa hiyo joto inalobeba linapungua. Ndugu zetu wa Iringa, Makambako na Njombe wako kwenye hali hiyohiyo. Baridi yetu inafidia upungufu huo, tena inafidia vizuri, lakini baridi ya chumbani haisaidii kitu kama haifiki kwenye hitisinki.

Mengine ni ya haraka. Nyaya zipitishe nyuma ya mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, au zifunge pembeni, zisikae mbele ya feni. Funika nafasi tupu za kadi kule nyuma. Kama pawasaplai iko chini na feni yake inatazama sakafu, usilikalishe boksi juu ya zulia. Unapopuliza vumbi kwa bloa, zima, chomoa waya ukutani, na ushike mapanga kwa kidole yasizunguke, maana kuzungushwa ovyo kunaumiza beringi. Ile dawa ya kijivu chini ya hitisinki ikikauka, ifute upake mpya.

Mimi nilizigeuza zile mbili za mbele, nikaacha ya nyuma itoe, ya juu nikaing'oa. Kwa kipimo cha HWMonitor, programu ya bure inayoonyesha joto la kompyuta, prosesa iliyokuwa inafika digrii 97 kabla ya mashine kuzima sasa inacheza kwenye 76, kwa kazi ileile ya kurenda. Prosesa nyingi za kisasa hujipunguzia kasi zikikaribia 95 au 100, kwa hiyo hata video sasa inaisha mapema. Feni ya nne ipo kwenye droo, sijaihitaji.

Juzi dada wa stesheneri ya jirani akanifuata. “Kaka, hebu njoo uisikilize hii yangu, inaunguruma kama mashine ya kusaga.” Nikaenda na bisibisi na tishu yangu. Feni zake zilikuwa zimekaa sawasawa, mbele zinaingiza, nyuma inatoa, ndani hakuna vumbi la kutisha. Boksi lenyewe ndilo lilikuwa limefungiwa kwenye kabati la meza, mlango umefungwa, mgongo umegusa ubao. Lilikuwa linavuta tena hewa ileile ya moto lililoitoa. Tukaung'oa ubao wa nyuma, tukaivuta meza kama sentimita 15 kutoka ukutani, mlango wa kabati tukauacha wazi. Tulikuwa bado tumesimama pale, yeye anamtolea mwanafunzi kopi, mngurumo ukaanza kushuka wenyewe.