Spea ya kuazima: inafaa lini, inaharibu gari lini

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Uganda kutoka Japani huja na spea (tairi la akiba) isiyofanana na matairi mengine manne, na mengine huja bila spea kabisa. Ikitokea pancha njiani, mtu anafunga chochote chenye matundu. Haya ndiyo mliyotuuliza.

Toyota Premio yangu inavaa 195/65R15, lakini spea niliyoikuta kwenye buti ni 185/70R14. Nikipata pancha Masaka, itanifikisha Kampala?

Itakufikisha, ukiifunga panapostahili. Tairi la 195/65R15 (upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana, rimu ya inchi 15) lina kipenyo cha milimita 634 hivi. La 185/70R14 lina 615. Tofauti ni kama asilimia 3, na zaidi ya hapo sisi hatushauri. Kwa kila kilomita moja tairi dogo huzunguka kama mara 518, kubwa mara 502. Ile mizunguko 16 inayozidi inabebwa na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Vijigia vya ndani ya difu vimewekwa kwa ajili ya kona. Ukiweka spea hiyo mbele, kwenye magurudumu yanayovuta, vinasagana hata barabara ikiwa imenyooka. Safari moja haitaiua. Kinachoila ni ule uvivu wa kuzunguka mjini mwezi mzima na spea hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kama Premio yako si ya 4WD (inayovuta kwa magurudumu yote manne), spea ikae nyuma. Pancha ikiwa ya mbele, usianzie mbele. Inua nyuma kwanza, toa gurudumu zima, funga spea, shusha. Kisha inua mbele, toa lenye pancha, weka lile zima ulilotoa nyuma. Ni kazi ya jeki mara mbili, lakini usukani hautavuta upande mmoja na breki za mbele zitashika sawa.

Kabla ya kushusha, zungusha spea kwa mkono duara zima. Rimu ya 14 ina nafasi ndogo ndani, na kwenye gari lenye diski kubwa hugusa kalipa, kile kinachobana diski ya breki. Ukisikia mkwaruzo, hiyo rimu si ya gari lako. Ukiondoka, usizidi kilomita 80 kwa saa. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukipiga breki) ikiwaka usishangae: kompyuta inaona gurudumu moja linakimbia kuliko mengine.

Jirani ana Noah na mimi nina Premio. Zote zina nati tano. Naweza kuazima spea yake?

Hapana. Matundu ya Premio yako kwenye duara la milimita 100, ya Noah kwenye milimita 114.3. Fundi akikuambia atayapanua matundu kidogo, au atafunga nati mbili zinazokubali, chukua rimu yako uondoke.

Mimi nina Toyota Wish, rafiki ana Subaru Forester ya zamani. Fundi wa Ndeeba anasema rimu zao zinaingiliana. Ni kweli?

Kweli nusu. Zote ni nati tano kwenye duara la milimita 100, na hapo ndipo wengi wanapoishia kuangalia. Tatizo liko kwenye tundu la katikati. Habu (kitovu ambacho rimu inakalia) ya Toyota hiyo ina milimita 54.1, ya Subaru 56.1. Rimu ya Subaru inaingia kwenye Wish ikiwa na ulegevu wa milimita 2, kwa hiyo nati ndizo zinazoiweka katikati. Kaza zote kwa mkono gurudumu likiwa bado hewani, ukifuata mkao wa nyota, huku ukilitikisa likae. Mtetemo kidogo utausikia.

Kinyume chake ni hatari. Rimu ya Wish haipiti kwenye habu ya Forester. Ukilazimisha kwa nati, utahisi imekaza, kumbe imesimama kwenye ukingo wa habu na haijagusa bamba lake. Mzigo wote unabaki kwenye boliti, nazo hukatika.

Halafu nati haziazimwi pamoja na rimu. Za Toyota zina uzi wa milimita 1.5, za Subaru na Nissan 1.25. Nati ngeni huingia mizunguko miwili, kisha inakwama. Ukiongeza nguvu umeua boliti. Nati sahihi ya Toyota iingie kwa vidole angalau mizunguko 6 na nusu.

Forester yangu ni ya otomatiki. Kuna ubaya kuweka spea ndogo?

Upo, kwa sababu magurudumu yote manne yanavuta. Tofauti ya kipenyo inachosha klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na mafuta ya gia boksi yanapata joto. Kwenye otomatiki nyingi za zamani, zile za gia nne, fungua boneti utafute kisanduku kidogo kilichoandikwa FWD. Chomeka fyuzi ya akiba. Taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, na nyuma hakutavuta tena. Spea ifungwe nyuma. Ukirudisha tairi la kawaida, toa fyuzi.

Yenye gia za mkono haina kisanduku hicho. Mwenye gari hilo bora atembee na kamba za kuziba pancha na pampu ndogo.

Gari lina rimu za sporti, spea ni rimu ya chuma. Nati zile zile zitafaa?

Tazama uso wa nati. Yenye washa bapa imetengenezewa rimu ya sporti. Rimu ya chuma inataka nati yenye ncha iliyochongoka kama koni. Ukifunga rimu ya chuma kwa washa bapa, itakaza leo na kulegea kesho. Nunua nati tano za koni, zikae kwenye buti pamoja na spea.

Kwa magari mengi madogo ya Toyota, kaza kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya kipimo, shika mpini sentimita 30 kutoka kwenye nati na usukume kwa nguvu ya kilo 35 hivi. Usisimame juu yake. Baada ya kilomita 50, simama ukaze tena.

Spea yangu nyembamba haijawahi kutumika. Iko salama?

Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: 1412 ni wiki ya 14 ya mwaka 2012. Ikipita miaka 10, badilisha, hata kama ina meno yote. Na tairi hilo jembamba linataka upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya matairi mengine. Mwambie hivyo anayekujazia upepo, maana wengi huishia 32.