Muulize Fundi: PC Yangu na PS ya Jirani

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, nimeiongezea kadi ya picha ya GTX 1650, na skrini yangu ni inchi 22. Jirani ana PS4 Pro na televisheni ya inchi 55. Sote tunacheza Red Dead Redemption 2. Kwangu nimeweka kila kitu Ultra, kiwango cha juu kabisa, fremu (picha kwa sekunde) zinacheza kati ya 18 na 24, nikigeuza farasi picha inakatakata. Kwake inateleza tu, na ananicheka kila jioni. Niuze mashine ninunue PS? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Usiuze, mdogo wangu. Jirani anakucheka kwa sababu hajui mashine yake imepangiwa nini, na hawezi kujua, maana PS haimwonyeshi. Wewe una ukurasa mrefu wa mipangilio ya picha. Yeye Rockstar, watengenezaji wa gemu hili, walishamwamulia kabla hajafungua boksi: vivuli kiasi hiki, maji kiasi hiki, fremu zisizidi 30 kwa sekunde.

Gemu hili lilitoka kwenye PS4 na Xbox One Oktoba 2018, PC ikalipata Novemba 2019. Hapo Digital Foundry, wale Waingereza ambao kazi yao ni kulinganisha matoleo ya gemu picha kwa picha, wakaliweka kando ya Xbox One X, konzoli iliyokuwa na nguvu kuliko zote wakati ule. Kwenye konzoli hiyo tekscha, yaani picha zinazofunika nyuso za vitu, zilikuwa juu kabisa. Mengine yalikuwa ya kati, mengine Low, na mengine yalikuwa chini hata ya Low, kiwango ambacho menyu ya PC haikupi nafasi ya kukichagua. Na ndilo gemu lile lile watu walilolisifu uzuri mpaka wakachoka! Kwa hiyo ukiweka Ultra kila mahali hushindani na jirani. Unaibebesha kadi ndogo mzigo ambao hata konzoli kubwa haikubebeshwa.

Halafu kuna suala la umbali. PS4 Pro inachora picha ya 1920 kwa 2160, nusu ya vidoti vya 4K, na nusu nyingine inajazwa kwa hesabu. Kwa karibu utaona ulaini fulani kwenye majani na nywele. Lakini jirani amekaa kwenye kochi, mita mbili na zaidi, wakati wewe pua yako iko karibu na kioo na kila kasoro unaiona.

Sasa fanya hivi. Rudisha kila kitu Medium, kisha tekscha peke yake uzipandishe Ultra, kwa kuwa katika gemu hili ukizishusha kidogo tu mawe na magome ya miti yanakuwa uji. Tekscha zinakula kumbukumbu ya kadi kuliko nguvu yake, na wewe una GB 4, kwa hiyo uwe unautazama ule mstari wa kumbukumbu kwenye menyu usijae. Anisotropic, inayosafisha nyuso zinazoonekana kwa mshazari, iache 16x. Gharama yake ni ndogo, na ndiyo inayofanya njia iliyo mbele ya farasi isififie. Za kulainisha kingo za picha, MSAA izime kabisa, tumia TAA iliyo nyepesi. Vyote vyenye neno Volumetric, yaani ukungu na miale ya jua, peleka Low. Fizikia ya maji rudisha katikati. Ukimaliza, endesha jaribio la kupima lililomo humo humo kwenye menyu ya picha.

Ukipata fremu 40 usishangilie bado. Kama skrini yako ni ya 60Hz, inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Kwa fremu 40, picha moja inakaa zamu moja, inayofuata zamu mbili, na jicho linauona huo mshtuko. Zifunge kwenye 30 kupitia programu ya Nvidia, kila picha ikae zamu mbili sawasawa. Huko "kuteleza" kwa jirani siri yake ndiyo hiyo.

Jambo lingine: fungua kasha utazame RAM, kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Mashine nyingi za mtumba zinakuja na kijiti kimoja. Ukiongeza cha pili kinachofanana nacho, kukwamakwama kunapungua.

SWALI: Wanangu wawili wanagombana. Mmoja anacheza FIFA 22 kwenye kompyuta, mwingine kwenye PS5 ya binamu yao. Wa kompyuta anataka nimnunulie kadi mpya ili gemu lifanane. Itafanana? Mama, Mombasa.

JIBU: Haitafanana, dada, hata ukinunua kadi ya bei gani. FIFA 22 ya PC imejengwa juu ya toleo la PS4; zile mbio na miondoko mipya ya wachezaji iliwekwa kwenye PS5 na Xbox Series. PC ilipewa toleo la kizazi kipya kuanzia FIFA 23. Pesa ya kadi weka. FIFA 23 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni mwaka 2023, kwa hiyo mnunulie toleo la baada yake, siku hizi linaitwa EA Sports FC, ila kwanza hakikisha kompyuta inaliweza, maana ni nzito zaidi.

SWALI: Kwenye PS5 nichague ubora wa picha au kasi? Arusha.

JIBU: Mpira, ngumi na magari, kasi bila kujadili. Gemu la kutembea na kutazama mandhari, ubora unavumilika. Kama televisheni yako ni ya 120Hz, tafuta gemu zenye hali ya fremu 40, kama Ratchet & Clank: Rift Apart; 40 inaingia kwenye 120 mara tatu kamili, kwa hiyo ule mshtuko niliomweleza wa Morogoro haupo. Televisheni ikiwa ya 60Hz, hiyo isikuumize kichwa, chagua ya fremu 60 ucheze.