Sherehe ya bahari kwa mtoto wa miaka mitano

Sherehe nyingi za kuzaliwa za watoto ninazoalikwa hapa Dar es Salaam huandaliwa kwa ajili ya picha. Kuna maputo, kuna MC na spika, na watoto wenyewe wamekalishwa kwenye viti vya plastiki wakisubiri kuambiwa wapige makofi. Mwanangu alipokaribia kutimiza miaka 5 niliamua fedha na nguvu zangu ziende kwenye jambo moja tu: watoto wakae chini watengeneze vitu kwa mikono yao, na hivyo vitu ndivyo viwe mapambo.

Mada ichukue kwa mtoto mwenyewe. Msikilize anaongelea nini akiwa anaoga au njiani kurudi shule. Wangu alikuwa haishi kuuliza habari za pweza tangu tulipopita soko la samaki la Feri, basi tukachagua bahari. Kwa watoto wa pwani mada hii haihitaji maelezo. Utasikia mmoja anakwambia kwao pweza hupikwa kwa nazi.

Kisha jizuie. Kazi mbili zinawatosha watoto wa umri huu.

Ya kwanza ilikuwa kasa. Trei moja la mayai, yale ya karatasi, lina vishimo 30. Kata kishimo kimoja kimoja, kipindue, gamba la kasa hilo. Chagua matrei yasiyo na madoa ya yai na uyaanike juani vizuri. Mtoto anapaka rangi ya maji, anabandika kichwa na miguu ya manila, anachora macho. Ya pili ilikuwa pweza: lile boksi la duara linalobaki toilet paper ikiisha, unalikata kutoka chini mpaka nusu yake, vipande 8, unavikunjia nje. Watoto watahesabu mikono hiyo bila kuambiwa, na mwenye saba atadai haki yake.

Wengine hupenda udongo wa unga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, na maji kama kikombe kimoja ukimimina kidogo kidogo. Ni mzuri wa kuchezea palepale, ila usiutegemee kwa kitu cha kwenda nacho nyumbani. Chumvi huvuta unyevu, na kwa hewa yetu hii samaki mnene hakauki, au akikauka hulainika tena. Waambie pia si wa kula, maana unafanana kabisa na unga wa chapati. Shanga niliziacha. Wageni huja na wadogo zao, na mtoto wa chini ya miaka 3 kila kitu hukitia mdomoni.

Kukata kote kumalizike usiku wa kuamkia siku yenyewe. Weka vipande vya kila mtoto kwenye bahasha yake, na jina juu. Tandika mikeka barazani badala ya kupanga meza; mikono midogo inafika vizuri, na rangi ikimwagika haina pa kuangukia. Kama mko ndani, kumbukeni feni: tafuta vijiwe vya kukandamizia karatasi. Na usitegemee watoto kuja na nguo za kuchezea, watavalishwa za sikukuu. Kusanya fulana kuukuu za watu wazima uwavalishe juu.

Tafuta mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne au watano, na hapa nitasema kwa msisitizo: mwambie kabisa asimmalizie mtoto kazi. Mashangazi wana huruma, wakiona kasa ana macho upande mmoja wanataka kurekebisha. Mwacheni hivyo hivyo. Kasa aliyenyooshwa na shangazi, mtoto hamjali. Aliyemtengeneza yeye analala naye.

Kazi itangulie chakula. Watoto wakishakula sambusa na kunywa juisi ya ubuyu mikono inanata na hamu imekwisha. Wakianza na kazi, gundi inapata muda wa kukauka wakati wa keki na kulishana. Halafu kuna lile la kummwagia maji mwenye sherehe. Kwetu haliepukiki, kwa hiyo kabla ndoo haijatoka, kasa na pweza wote wawe wamehamishiwa ndani, juu ya kabati.

Kwa zawadi za kuondokea, tumia mifuko ya kaki. Ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na ya kaki watoto wanaweza kuichora mawimbi wakisubiri keki. Andaa pia bahasha tatu nne zisizo na jina, kwa watoto wa majirani watakaochungulia getini. Wakaribishe mkekani.