Napham mjini: auze, ila asiharakishe

Ndugu yangu, umeuliza kama rafiki yako Mbodo (wa kabila la Wabodo wa jimbo la Assam, India) hapo jijini Guwahati akifungua mgahawa wa vyakula vya kwao atakuwa anauza asili yake. Auze tu. Kinachoharibu ni haraka.

Chukua napham: samaki wakavu hutwangwa pamoja na majani, wakashindiliwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, wakaachwa wachachuke miezi 2 hadi 3. Mwenye tamaa atawatoa mapema, na mteja mgeni hatagundua. Bora anunue kwa akina mama wa Kokrajhar, mji wa Wabodo, kwa bei ya maana, maana ujuzi ni wao. Na narzi, yale majani makavu ya jute (ndugu wa mlenda wetu), asiyapunguze uchungu kwa ajili ya watalii. Asiyeuweza aagize biriani.

Mwaka 2024 napham, narzi na pombe ya mchele jou gwran vilipata alama ya kijiografia ya India, yaani utambulisho wa kisheria kwamba bidhaa ni ya eneo fulani. Alama hiyo hutumiwa na waliosajiliwa, kwa hiyo aulizie usajili kabla hajachapa lebo. Pombe aiache kwanza, leseni yake ni kazi nyingine kabisa.