Z: ni yako wewe, si ya kompyuta

Wiki hii nimeitwa mara tatu kwenye meza ileile, kwa programu inayotafuta faili kwenye Z:, ile herufi ya draivu tunayoipa folda ya seva. "Kaka, kwangu inafanya kazi." Najua inafanya kazi kwako, mdogo wangu. Shida yenyewe ndiyo hiyo.

1. Kwenye msimbo usiandike Z:, andika njia kamili, \\seva\folda. Na kumbuka kwenye lugha nyingi mkwaju wa nyuma huandikwa mara mbili, kwa hiyo ile miwili ya mwanzo inakuwa minne.

2. Herufi ya draivu ni ya sesheni ya aliyeingia kwenye Windows, haionekani kwa wengine. Hapa ndipo nilipoungua mimi. Niliandika programu ya kunakili ripoti kila usiku kwenda Z:. Nikaijaribu mchana kutwa, ikaenda safi, nikaigeuza sevisi ya Windows (programu inayokimbia yenyewe nyuma ya pazia) nikaenda zangu nyumbani. Sevisi ikawa inakimbia kwa LocalSystem, akaunti ya Windows yenyewe, ambayo haijui habari za Z: yangu hata kidogo. Nami kwa ujuaji wangu nilikuwa nimeandika hivi: folda isipoonekana, basi hakuna cha kunakili, andika "Imekamilika", funga. Wiki tatu nzima nikawa nafungua logi asubuhi, naona Imekamilika, Imekamilika, nafurahi. Siku diski ya mashine ya ripoti ilipokufa, bosi akauliza nakala ziko wapi. Nikaifungua Z: mbele yake, kifua mbele. Faili la mwisho lilikuwa jaribio2.txt. Hakusema kitu, akabaki anaangalia lile jina. Heri angenitukana.

Hata programu ukiifungua kwa haki za msimamizi, Z: inaweza kutoweka vilevile. Usikimbilie kulaumu kebo.

3. Sevisi ipe akaunti yake, yenye ruhusa kwenye ile folda. Nenosiri lisikae ndani ya msimbo. Jana nimeliona la mtu, nimenyamaza tu.

4. Kosa 53: seva haionekani, angalia jina kwanza, kisha porti 445, mlango wa folda za mtandao. Kosa 1219: umeshaingia kwenye seva hiyohiyo kwa jina jingine. Andika amri ya net use uone miunganisho yako, kisha ifute ile ya zamani kwa /delete. Kuna mmoja wenu aliwasha kompyuta upya mara nne, na draivu ya zamani aliiweka irudi yenyewe kila akiingia. Nilisimama nyuma yake kimya nikihesabu. Mimi enzi zangu nilifika sita.