Ukienda Windsor Kuona Makaburi ya Wafalme

Yeyote anayekusudia kuzuru Kanisa la Mtakatifu George, lililomo ndani ya ngome ya Windsor nchini Uingereza, aitazame kalenda kabla ya kukata tiketi ya treni. Kwa kawaida ngome hufungwa Jumanne na Jumatano, na Jumapili kanisa huachiwa waumini, hivyo mtalii wa siku hiyo hulizunguka kasri na kuondoka bila kuona kaburi hata moja.

Ujenzi ulianza mwaka 1475 kwa amri ya Edward wa Nne, ukakamilika mwaka 1528, zama za Henry wa Nane. Wengi hutarajia kumkuta mfalme huyu wa wake sita katika kaburi la fahari, kumbe amefunikwa kwa bamba jeusi la sakafuni, katikati ya viti vya waimbaji, pamoja na mkewe Jane Seymour na Charles wa Kwanza, yule aliyekatwa kichwa mwaka 1649. Ukishughulika na bendera za mashujaa wa Garter, daraja la kale la heshima la Uingereza, zinazoning'inia juu, utalipita.

Msongamano uko kwenye kikanisa cha pembeni alimozikwa Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 2022, pamoja na mumewe na wazazi wake. Mkenya atakumbuka kwamba baba yake, George wa Sita, alifariki Februari 1952 binti akiwa Nyeri.

Mimi, hata hivyo, ningekushauri utafute kibao cha shaba cha Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros wa Pili wa Ethiopia, aliyezikwa jirani na kanisa. Alichukuliwa akiwa na miaka saba, baada ya Waingereza kuiteka Magdala, ngome ya baba yake, mwaka 1868 na baba yake kujiua, naye akafariki mwaka 1879 akiwa na miaka 18. Kibaoni wameandika maneno ya Injili, "Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha", ambayo kwa historia hiyo ni vigumu kuyasoma bila kukunja uso, hasa ukijua kwamba mwaka 2023 kasri la Buckingham lilikataa ombi la kuyarejesha mabaki yake.

Kiingilio kikikulemea, njoo kwenye ibada ya jioni ya kuimbwa, ambayo haina malipo, ingawa hutaruhusiwa kuzunguka makaburini. Kwa kuwa kupiga picha ndani kumekatazwa, beba daftari la kunakilia maandishi.